Moshi wa Gari na Mizani ya Haki



Wiki kadhaa zilizopita, baada ya darsa ya akina mama ya Jumamosi alasiri, mama mmoja alibaki nyuma wenziwe walipokwisha kutoka. Ni mjane mwenye watoto wanne, na riziki yake yote ni tuktuk moja ya dizeli aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kijana wa mtaani huiendesha, na kila jioni humletea hesabu ya shilingi mia nane.

"Sheikh," akaniambia, "nina swali, lakini naona haya."

"Katika dini hakuna haya ya kuuliza, mama. Sema."

Akanieleza kwamba tuktuk yake ilipelekwa kukaguliwa, ikaangushwa kwa sababu ya moshi. Fundi amemtajia shilingi elfu tisa za kutengeneza nozeli na pampu ya dizeli. Siku mbili zimekwisha kupita bila hesabu. Na nje ya lango la mahali pa ukaguzi, dalali mmoja amemwambia yule kijana kwamba kwa shilingi elfu mbili stika itapatikana, wala tuktuk haina haja ya kurudi. "Je, nikizitoa hizo elfu mbili nina makosa? Na nisipozitoa, watoto wangu watakula nini?"

Kabla sijafungua kinywa, mama wa pili akaingia kuchukua mkoba aliokuwa ameusahau, naye alikuwa ameyasikia. Mwanawe wa miaka saba husoma katika chuo chetu na ana ugonjwa wa pumu. Akasema kwa upole, bila ugomvi: "Dada yangu, mwanangu hukaa karibu na dirisha la barabarani. Kuna siku hurudi nyumbani kifua kinapiga mluzi, nami hukesha naye hadi alfajiri. Sijui ni moshi wa nani, lakini ni wa tuktuk na matatu zinazopita pale."

Basi nikawa nimeketi baina ya mama wawili, kila mmoja akililia mwanawe, na kila mmoja akiwa na haki. Niliwaomba muda nikafikiri. Makala haya ndiyo jibu langu kwao, na kwa kila familia ambayo jambo hili litaifikia.

Sheria imefika wapi

Ukaguzi wa magari nchini Kenya si jambo jipya. Magari ya abiria na ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka, na jukumu hilo liko mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kuhusu moshi hasa, ziko kanuni za mwaka 2006 za kudhibiti moshi wa mafuta, chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, na mwaka 2014 zikafuatiwa na kanuni za ubora wa hewa. Juu ya yote hayo, Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya.

Jipya ni kwamba rasimu ya kanuni iliyotolewa mwaka 2025 ilipendekeza magari ya binafsi nayo yaingizwe katika ukaguzi wa lazima yakipita miaka minne tangu kuundwa. Tulitafakari hilo sisi wa Pwani tunaoyaona magari yakishushwa Kilindini. Sheria huruhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo halijapita miaka minane, na familia ya kipato cha kawaida hununua lile lililo karibu na mwisho wa muda huo kwa sababu ndilo lenye bei nafuu. Maana yake ni kwamba gari la baba wa kawaida huwa limekwisha kuvuka miaka minne siku linapogusa gati. Anayenunua gari jipya kabisa ndiye anayepumzika miaka ya mwanzo. Kwa hiyo swali la nani atabeba gharama za ukaguzi linahusu hata nyumba zisizo na tuktuk wala matatu.

Moshi huu ni kitu gani

Injini huchoma mafuta kwa kuyachanganya na hewa. Mafuta yakiungua sawasawa, moshi huwa mchache. Nozeli ikichakaa, au chujio la hewa likijaa vumbi, mafuta hutoka hayakuungua, nayo ndiyo ule wingu jeusi tunaloliona nyuma ya lori likipanda daraja. Ndani yake mna chembe ndogo mno, nyembamba kuliko unywele kwa mara nyingi, ambazo hazizuiliwi na pua wala koo bali hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika daraja la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika hilo hukadiria pia kwamba uchafuzi wa hewa, wa barabarani na wa majikoni kwa pamoja, huua watu wapatao milioni 7 kila mwaka.

Kuupima si kazi ngumu. Gari la petroli huingizwa kijiti katika bomba la moshi, na mashine ikasoma kiasi cha hewa ya sumu na mafuta yasiyoungua. Gari la dizeli hukanyagwa mafuta, kisha mwanga ukapitishwa katika moshi wake. Kadiri mwanga unavyozuiwa ndivyo moshi ulivyo mzito.

Kisa kimoja chafaa kila mama akijue. Katika kusini mashariki ya London palikuwa na binti aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyeishi karibu na barabara kuu yenye msongamano wa magari. Alikuwa na pumu kali, akafariki Februari 2013 akiwa na umri wa miaka tisa. Mama yake, Rosamund, hakuridhika na maelezo aliyopewa, akafuatilia kwa miaka. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo wa serikali aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha binti huyo, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kuandikwa hivyo katika nchi ile. Mchunguzi akaongeza kwamba mama hakuwa ameelezwa madhara ya hewa ile kwa mtoto mwenye pumu. Lau angelielezwa, angelichukua hatua ambazo huenda zingelimwokoa mwanawe. Nimekileta kisa hiki ili mama wa mtoto wa chuo chetu asiambiwe kwamba anazidisha maneno.

Watu wa jahazi moja

Katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir, Mtume wetu (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliopiga kura katika chombo cha baharini, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walipotaka maji walilazimika kupita kwa wa juu, wakaona vema watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwaudhi wenzao. Mtume akabainisha kwamba wa juu wakiwaachia, wote wataangamia. Na wakiwazuia, wataokoka wote.

Sisi watu wa bahari mfano huu hauhitaji kufasiriwa. Aghalabu tunapousimulia huishia kwenye kuzuia mkono unaotoboa. Lakini tazameni tena: wale wa chini hawakutoboa kwa uovu. Walikuwa na kiu ya kweli. Basi wa juu wana wajibu wa kuuzuia mkono, na kwa fahamu yangu wana wajibu pia wa kuifungua njia ya kufikia maji. Ukizuia mkono na ukafunga na njia, umeokoa jahazi na kuwaua abiria wa chini kwa kiu.

Mafakihi wetu walilitambua hilo zamani. Katika Majalla, mkusanyiko wa hukumu uliotungwa katika dola ya Uthmani baina ya 1869 na 1876, zimewekwa kanuni zinazofundishwa hadi leo. Moja yaeleza kwamba madhara ya mtu mmoja hustahimiliwa ili kuyazuia madhara ya watu wote. Kwa kanuni hiyo, mwenye gari la moshi hawezi kusema gari ni langu na mafuta ni yangu, kwa kuwa moshi si wake peke yake. Kanuni nyingine yaeleza kwamba madhara hayaondolewi kwa kuleta madhara yaliyo mfano wake. Kwa kanuni hii, serikali haiwezi kuondoa pumu katika nyumba moja kwa kupeleka njaa katika nyumba ya pili. Ukaguzi wa haki ni ule unaozitimiza kanuni zote mbili.

Wala ukaguzi wenyewe si bidaa ya wageni. Katika miji ya Waislamu alikuwako muhtasib, mkaguzi wa soko, akipima mizani za wauzaji. Kitabu cha ash-Shayzari cha karne ya 12, kinachoeleza kazi ya muhtasib, kinamtaka ahakikishe tanuri za waokaji zina matundu mapana ya kutolea moshi ili watu wasidhurike. Naye Imam al-Mawardi, fakihi wa madhehebu yetu ya Shafi'i aliyefariki 1058, alipomtofautisha muhtasib rasmi na mtu anayejitolea, alitaja kwamba rasmi anaweza kulipwa kutoka Baitul-mal. Yaani kulinda hewa na soko ni kazi ya umma, na hazina ya umma ina sehemu yake katika gharama zake. Si lazima mzigo wote uwe juu ya anayekaguliwa.

Gharama humwangukia nani

Watu hudhani gharama ya ukaguzi ni ile ada tu. Kwa mjane wetu ada ilikuwa ndogo kuliko zote. Mhesabieni: siku mbili bila hesabu ni shilingi elfu moja na mia sita. Matengenezo ni elfu tisa. Siku ya tatu itapotea kwa fundi, na ya nne kwa kurudi kupimwa. Jumla yake inazidi mapato ya wiki mbili. Mwenye malori 20 huzigawa gharama hizo juu ya shehena zote anazobeba, na akaziongeza katika bei. Mjane ana magurudumu matatu tu ya kuzigawia.

Fauka ya hayo, uchakavu haukuanzia kwake. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilieleza mwaka 2020 kwamba baina ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na fungu kubwa kuliko yote likaja Afrika. Miongoni mwa magari yaliyotoka Ulaya, mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi cha kule yalikotoka. Nchi tajiri husafisha hewa yake kwa kutuuzia kilichokwisha kuchoka. Ukaguzi wa haki ungeanza kwa ukali bandarini, kabla gari halijawa riziki ya mtu.

Tunao pia mfano wa nyumbani, na akina mama mnaukumbuka zaidi kuliko mimi. Mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa katika dizeli na wafanyabiashara wasio waaminifu, na hayo pia huharibu injini na kuzidisha moshi. Mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia uchanganyaji huo. Lengo lilikuwa jema. Lakini aliyelipa ni nani? Ni mama aliyekuwa akipika kwa stovu na kumwashia mwanawe taa ya kusomea. Hapo ndipo madhara yalipoondolewa kwa madhara mfano wake. Tusikubali kosa hilo lirudiwe katika ukaguzi wa magari.

Wengine wamefanyaje

Uadilifu katika jambo hili unawezekana, na wapo waliojaribu. Nchini Uingereza, ambako gari la kawaida hukaguliwa kila mwaka likishatimia miaka mitatu, sheria imeweka kikomo cha ada ambacho gereji haiwezi kukivuka. Gari likianguka na kuachwa hapo kutengenezwa, likapimwa tena ndani ya siku 10 za kazi, mwenyewe halipi mara ya pili. Katika Ireland ya Kaskazini ukaguzi hufanywa na vituo vya serikali visivyofanya matengenezo, ili anayesema gari ni bovu asiwe ndiye atakayefaidika kwa kulitengeneza.

Katika jimbo la California, Marekani, ambako upimaji wa moshi wa namna hii ulianza 1984, mwenye kipato kidogo ambaye gari lake limeanguka anaweza kusaidiwa na serikali ya jimbo kulitengeneza. Na aliyekwisha kutumia angalau dola 650 katika matengenezo, na bado gari likaanguka, anaweza kupewa msamaha wa mara moja hadi ukaguzi unaofuata.

Hayo ndiyo ninayoyaita kufungua njia ya maji: ada yenye kikomo, kurudi kupimwa bila kulipa upya, muda wa kutosha wa kutengeneza, msaada au mkopo usio na riba kwa mnyonge, na mpimaji asiye fundi. Nami ningeongeza kwamba magari ya serikali na malori makubwa yatangulizwe, kwa kuwa lori moja bovu la dizeli hutoa moshi kuliko magari madogo mengi.

Jibu la swali la stika

Sasa namrejea mama yetu mjane. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Ni kweli wapo wanazuoni waliosema kwamba mtu aliyezuiliwa haki yake, na asipate njia nyingine ya kuipata ila kwa kutoa, dhambi humwangukia mpokeaji. Lakini rukhsa hiyo ni kwa haki yako uliyodhulumiwa. Tuktuk yako, mama, inatoa moshi kweli. Wewe mwenyewe umekiri. Stika inayosema haitoi si haki yako. Ni ushahidi wa uongo uliobandikwa kwenye kioo, na anayeulipia ni mtoto mwenye pumu.

Wala usidhani udanganyifu huu ni wa maskini peke yao. Mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilikiri kwamba magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 yalitiwa programu ya kutambua pale yanapopimwa, yakapunguza moshi wakati huo tu, kisha yakauachia barabarani. Walilofanya matajiri kwa kompyuta ndilo analolifanya dalali wa langoni kwa elfu mbili. Wote wamo katika onyo la Surat al-Mutaffifin, ambayo Mwenyezi Mungu ameiteremsha juu ya wanaopunja vipimo.

Lakini siwezi kumwambia mjane "usitoe rushwa" kisha nikaenda zangu kula chakula cha usiku. Huko kungekuwa ni kuuzuia mkono na kufunga njia ya maji.

La kufanya majumbani mwetu

Kwanza, jifunzeni kuusoma moshi. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua: angalieni chujio la hewa na nozeli. Moshi wa rangi ya samawati ni oili inayoungua ndani ya injini. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huenda ni maji yanayoingia mahali pasipo pake, au dizeli isiyoungua. Chujio la hewa ni bei ndogo, na likibadilishwa mapema huokoa dizeli na kuepusha kuanguka katika ukaguzi.

Pili, gari linalobeba watoto wenu kwenda shule au chuo, ulizeni lilikaguliwa lini. Dereva azime injini anapongojea langoni. Mtoto mwenye pumu akae upande ulio mbali na barabara. Katika chuo chetu tumekwisha kuigeuza safu ya watoto wadogo, na haikugharimu hata senti.

Tatu, serikali inapoita wananchi kutoa maoni juu ya kanuni hizi, nendeni, au andikeni. Katiba imetupa haki ya kushirikishwa, na kifungu cha 201 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa uadilifu. Tusiende kusema hatutaki ukaguzi, kwa kuwa huko ni kumtupa mtoto wa jirani. Twende tukasema tunataka ukaguzi wa kweli, wenye bei ya haki, kwa wote.

Nne, vyama vyenu vya akina mama viwe na fungu la karadha njema kwa matengenezo ya chombo cha riziki. Jumamosi iliyofuata niliwasimulia wanadarsa habari hii bila kumtaja mtu. Wa kwanza kufungua mkoba alikuwa yule mama mwenye mtoto wa pumu. Zikapatikana shilingi elfu saba kwa karadha, fundi akakubali mbili zilizobaki alipwe kidogo kidogo. Tuktuk ilirudi kupimwa ikapita. Kijana anasema sasa inakula dizeli kidogo kuliko mwanzo. Deni lingalipo, na siku nne za hesabu hazikurudi. Sitaki kuwaambia kwamba yote yamekuwa mepesi. Lakini stika iliyo kwenye kioo ni ya kweli.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondosha kinachoudhi njiani ni katika matawi ya imani. Moshi nao uko njiani, na unawaudhi wapitao na waketio. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa watoto wetu, azitie baraka riziki za wajane wetu, na awape viongozi wetu mizani iliyo sawa. Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.